Watoto Wametoka Kwenye Mengineyo

Mwalimu,

Shikamoo. Najua marehemu hasalimiwi hivyo, lakini mkono umeandika wenyewe kabla sijaufikiria, na sifuti.

Nimekaa kwenye ngazi ya baraza lako, watoto wamelala, jua la saa nane linachoma mpaka kwenye vidole vya miguu. Tangu jana nina jambo limenikaa kooni. Nimemwambia mume wangu, akaniitikia "sawa" kana kwamba nimemwambia mchele umepanda bei. Nimemwambia jirani, akacheka mpaka akashika ukuta. Hakuna aliyeshtuka kama nilivyoshtuka mimi, na mtu pekee ambaye angeshtuka hivyo hivyo amelazwa huko Songea pembeni mwa mama yake. Basi nakuandikia wewe mwenyewe.

Jana nilisimama katikati ya ukumbi wa halmashauri, mbele ya madiwani wote, mkono juu kama mtoto wa chekechea anayeomba kwenda chooni. Nitakusimulia, ila nianze nyuma kidogo, maana wewe uliondoka katikati ya habari.

Na uliondoka vibaya. Nisamehe, lakini nitalisema. Jioni ya kuamkia siku hiyo tulikuwa tunachambua mchele pamoja, ukanigombeza kwa kuacha mawe, ukaniambia niwahi kesho kwa sababu utakwenda kuonana na mtendaji wa kata. Asubuhi nikakuta geti limefungwa na akina mama wamesimama nje na watoto mgongoni, wanaulizana kama Mwalimu kasafiri. Usafiri wewe, bila kuaga, bila kutuachia maagizo ya wiki nzima? Nikazunguka nyuma. Nilichokikuta chumbani sitakiandika. Nitaandika tu kwamba sufuria ya uji ilikuwa jikoni, maji yamo, na unga ulishauchota ukauweka kwenye bakuli. Daktari akasema ni presha. Nilimtazama yule daktari nikaona ananitania. Presha tulikuwa nayo sisi, na aliyekuwa anatupandishia ni wewe.

Unajua nilichowaza kwanza? Sikulia. Niliwaza kwamba wiki ile kuna kikao cha kata, sasa nani atasimama kwenye mengineyo. Mtu amelala pale mbele yangu hapumui, nami nawaza kikao. Ndipo nikajua umeniharibu kabisa.

Miaka yote niliyokufahamu, wewe ulikuwa mtu wa mengineyo. Kikao kinafunguliwa kwa sala, kumbukumbu zinathibitishwa, inakuja ajenda ya ulinzi, ya barabara, ya taka, ya soko, watu wanabishana mpaka koo zinakauka. Mwisho kabisa, soda zimeshaingia, wengine wanatafuta funguo za pikipiki mfukoni, mwenyekiti anasema kwa sauti ya kuchoka: mengineyo. Hapo ndipo unainuka. Unavua miwani, unaifuta kwa ncha ya khanga, unaivaa tena bila haraka, na ukumbi mzima unaguna kwa sababu unajua kinachokuja. "Mheshimiwa mwenyekiti, nina jambo kuhusu watoto."

Na jambo lilikuwa lile lile. Kwamba sokoni kwetu, huku nyuma ya Mbagala, akina mama wanalipa ushuru kila siku ya Mungu. Ushuru umejenga geti kubwa, umejenga meza za samaki, umejenga hata kivuli cha bodaboda, na watoto wa wanaolipa wako chini ya meza, kwenye maganda na maji ya samaki. Unaomba chumba kimoja chenye uzio na choo cha watoto, na mlezi anayelipwa, kiandikwe kwenye bajeti ya halmashauri. Mwenyekiti anaitikia, "Limepokelewa, Mwalimu." Neno hilo nililichukia. Lilipokelewa mwaka hadi mwaka, na hakuna aliyewahi kutuambia linakaa wapi.

Unakumbuka tulivyojuana? Mimi sijasahau. Nilikuwa nimemlaza Shadya kwenye tenga la nyanya, ana miezi michache tu, nimemfunika mtandio, nahudumia wateja. Ukaja na kikapu chako, ukachagua nyanya vizuri, halafu ukainama juu ya tenga ukaniuliza, "Na huyu anauzwa bei gani?" Nilikutukana, Mwalimu. Nilikutukana matusi ya kwetu Lindi ambayo sikujua kama ninayajua. Ukanisikiliza mpaka nikamaliza pumzi, ukasema wewe ni Mngoni, umeshaitwa mla panya tangu utotoni, kwa hiyo langu ni dogo. Kisha ukamnyanyua Shadya kwenye tenga ukamweka begani. Kesho yake akalala kwenye baraza lako, kwenye mkeka, chini ya chandarua. Keshokutwa wa muuza dagaa akafuata, na kabla ya mvua kwisha baraza lilikuwa limejaa na mimi nimeshaacha nyanya nakusaidia kulea.

Sisi tuliona tumefika. Kuna baraza, kuna uji, kuna Mwalimu, tunataka nini tena? Wewe ndiye hukutulia. Ulikuwa unasema, "Hili baraza ni langu, na mie mzee. Siku nikifa geti linafungwa, watoto wanarudi kwenye matenga." Tulikuwa tunakuzomea. Tulikuambia unajitabiria. Na wakati wa uchaguzi, wale wagombea walipoleta unga na fulana, ukapokea salamu ukarudisha unga, tulikununia wiki nzima. Ukatuambia hutaki msaada wa mtu, maana mtu huchoka, au huhama, au hufa. Unataka bajeti. Ulilitamka neno bajeti kama watu wengine wanavyotamka Yerusalemu.

Basi ukafa, na siku ya kuaga mwili ndipo mambo yalipoanza.

Turubai lilifungwa mpaka barabarani. Kaka Deo, mwanao, alitoka Madale na gari limejaa viti, akahangaika na kila kitu mwenyewe, uso umemvimba. Jeneza likawekwa hapa hapa barazani, pale watoto wanapolala. Kwaya ikaimba. Diwani akaja na watu wake, akaketi mbele, akapewa nafasi ya kutoa salamu za rambirambi. Akasema umekuwa mama wa kata nzima. Akasema pengo lako halizibiki. Mimi nilikuwa nyuma na watoto wawili miguuni, nikahisi hasira inanipanda, maana huyo huyo ndiye wa "limepokelewa". Akamaliza, watu wakaitikia amina, akaanza kurudi kwenye kiti.

Hapo akatokea Kihwele.

Kihwele wa buchani, mtani wako. Unajua mlivyokuwa, kila siku ukipita anafunika nyama, anatangaza kwa soko zima kwamba Mngoni amefika, asiyeficha panya wake shauri yake. Na wewe unamjibu kwamba Mhehe hawezi kumfundisha mtu usafi wakati mbwa wa mtaa wakimwona wanavuka barabara. Nilikuwa najua kwamba atakuja msibani kufanya vituko, ndiyo kazi ya mtani, hata kwetu ipo. Nilitegemea alale mbele ya gari aombe soda. Sikutegemea nilichokiona.

Alitoka ndani ya nyumba yako amevaa gauni lako la kitenge, lile la bluu la vikao. Limembana kifuani mpaka zipu imekataa. Khanga kiunoni, mkoba wako mkononi, miwani yako puani. Mwanamume wa miraba minne, na ndevu zake. Akatembea kwa ule mwendo wako, mguu wa kushoto ukichelewa kidogo, mpaka mbele ya jeneza. Akavua miwani. Akaifuta kwa ncha ya khanga. Akaivaa tena, bila haraka.

"Mheshimiwa, nina jambo kwenye mengineyo."

Mwalimu, sauti ilikuwa yako. Kaka Deo aliinua kichwa kama mtu aliyeitwa. Halafu turubai zima likapasuka kwa kicheko, watu wanacheka na machozi yanawatoka, mama mmoja akaanguka kwenye kiti. Mimi sikucheka. Nilimchukia Kihwele kwa moyo wote, niliona amekuvua nguo mbele za watu.

Diwani naye akacheka. Anajua mila, akatoa noti akampa ili njia ifunguke. Kihwele akaipokea kwa mikono miwili, akaitia kwenye mkoba wako, akashukuru, akabaki pale pale. Akasema hiyo ni nauli yake ya kurudi Songea, sasa anasubiri jibu la watoto. Diwani akasema limepokelewa. Watu wakacheka zaidi. Kihwele akageuka akaketi chini, mbele ya jeneza, akanyoosha miguu, akakunja khanga vizuri magotini kama ulivyokuwa unafanya, akasema yeye amekufa na hana haraka.

Katekista akatazama saa. Gari la Songea limewashwa. Wabebaji wameshainama, wameinuka, wameinama tena. Mtani huwezi kumsukuma, huwezi kumkasirikia, na diwani alikuwa amesimama mbele ya kata yake nzima hana pa kutokea. Jasho lilimtoka. Mwisho akasema, na kicheko kimemtoka usoni, kwamba kituo cha watoto atakisimamia, kitaingia kwenye bajeti.

Kihwele akamwuliza kitaingia kwenye mengineyo au kwenye ajenda.

"Kwenye ajenda," diwani akasema. Hakuna aliyecheka tena.

Ndipo akapisha. Jeneza lilipopita, Kihwele alivua miwani yako akaishika mkononi, akalia kwa sauti kubwa, akiwa bado kwenye gauni la kitenge, na hakuna aliyejua amshike wapi. Chuki yangu ikayeyuka pale pale. Nilikwenda nikasimama naye mpaka gari lilipokata kona.

Sasa kaka Deo. Usimlaumu. Aliporudi kutoka kuzika alituita, akatueleza kwa upole kwamba nyumba si yake peke yake, ndugu wa Songea wanataka iuzwe, ila amewaomba wavute subira mpaka Pasaka. Mpaka Pasaka watoto walale hapa, baada ya hapo hana la kutuahidi. Nilimshukuru. Nilipofika nyumbani nililia, kwa sababu ni kama ulivyosema, neno kwa neno, na sisi tulikuzomea.

Nikamfuata diwani ofisini kwake. Nilijipanga, nikavaa vizuri, nikamkumbusha ahadi. Akanikaribisha kiti, akanipa maji, akanitazama kwa huruma kabisa.

"Yale yalikuwa ya msibani, Mama Shadya," akasema. "Ule ulikuwa utani."

Nilisahau kumaliza maji. Mtu ametamka mbele ya maiti, katekista anasikia, kata nzima inasikia, halafu ni utani. Nikatembea mpaka buchani nikamweleza Kihwele, nikategemea atatukana. Hakutukana. Alikuwa anakata mbavu, akaendelea kukata, akaniuliza tu kama gauni lako nimelidai. Nikasema hapana. Akasema vizuri, maana mtani akichukua nguo ya marehemu huirudisha msiba ukiisha, na yeye kwa hesabu zake msiba huu haujaisha.

Tangu siku ile, Mwalimu, sijui nicheke au niogope. Diwani lazima ahudhurie misiba, ndiyo kazi yake kuliko hata vikao. Kila msiba wa kata hii aliokwenda alimkuta Kihwele ameketi safu ya mbele, shati na suruali zake za kawaida, mkoba wako mapajani na miwani yako puani. Hasemi neno. Watu wakitoa pole anatoa pole, wakizika anazika. Diwani akisimama kutoa salamu za rambirambi, Kihwele anavua miwani, anaifuta, anaivaa tena. Basi. Watu wakaanza kusubiri kwa hamu, ikafika mahali kila mara diwani akishika kipaza sauti shingo zote zinageuka kumtafuta Kihwele. Ikaenda hivyo mpaka Krismasi. Ikapita Krismasi. Nikamwambia Kihwele aache, hii ni dhihaka, misiba ya watu hii. Akaniambia hajamdhihaki mtu, anafuta miwani ya marehemu, ina vumbi.

Mimi sikuamini kwamba itasaidia. Nilijua dawa ni moja tu, kusimama kwenye mengineyo kama wewe. Tukasikia baraza la madiwani linakaa kupitisha bajeti, na wananchi wanaruhusiwa kuingia kusikiliza. Tukajipanga sisi wanne wa barazani, wengine wakabaki na watoto. Nilifanya mazoezi ya kusema nikiwa natwanga, nikiwa nafua, nikiwa bafuni. "Mheshimiwa mwenyekiti, nina jambo kuhusu watoto." Shadya akashika, akawa ananisahihisha.

Jana tukafika mapema. Ukumbi mkubwa, viti vya kuzunguka, bendera, feni. Tukakaa nyuma kidogo, tukasikiliza wimbo na sala, tukaona makabrasha yanagawiwa kwa madiwani manene kama matofali. Tukatazamana. Hayo yote yasomwe? Tunajua vikao, Mwalimu, tumefundishwa na wewe mwenyewe. Letu ni mwisho kabisa. Tukaona hakuna haja ya kukaa tukisinzia kwenye feni, tukatoka taratibu kwa kunyata, tukaenda kukaa nje chini ya kivuli cha ukuta. Tukanunua mihogo ya kukaanga na maji. Tukapiga soga. Mmoja wetu akalala kabisa. Kila mara tunamwomba mlinzi atuambie wakifika mengineyo, naye anaitikia kwa kichwa kama mtu asiyeelewa anaambiwa nini.

Jua lilipohama ukuta nikasikia makofi marefu ndani. Yale ya kumalizia. Nikaruka. Sandali moja ilibaki nje, nimeiona baadaye. Niliingia ule ukumbi nikipita katikati ya viti, na nilimsikia mwenyekiti anashukuru wajumbe kwa utulivu wao, anasema sasa anafunga. Nikaona mengineyo yamerukwa. Nikaona Pasaka inakuja, na geti, na matenga. Nikanyoosha mkono juu nikapaza sauti mbele za watu wote.

"Mheshimiwa mwenyekiti, mengineyo!"

Madiwani wote wakageuka kunitazama, mguu mmoja peku, mafuta ya mihogo mdomoni. Mwenyekiti alinitazama juu ya miwani yake, hakukasirika, akaniambia baraza la madiwani halina mengineyo ya wananchi, wageni wanasikiliza tu, niketi. Sikuketi. Mkono haukutaka kushuka. Nilikuwa nalia sasa, nasema watoto, watoto, sikumbuki kingine.

Ndipo diwani wetu akageuka kwenye kiti chake. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyechoka sana.

"Mama Shadya, shusha mkono," akasema. "Lilishapita. Limesomwa asubuhi."

Limesomwa asubuhi, Mwalimu. Kituo cha kulelea watoto wadogo sokoni, na mlezi, na uzio. Limesomwa katikati ya mtaro na gari la taka, kwa sentensi moja, likaulizwa kama lina pingamizi, halikuwa nalo, wakaendelea na mengine. Hakuna aliyesimama kuliomba. Hakuna aliyefuta miwani. Sisi wakati huo tulikuwa nje tunagombania chumvi ya mihogo, tunalisubiri mahali ambapo halipo tena.

Nilishusha mkono. Nikakaa pale pale sakafuni. Na ujinga wangu ni kwamba niligeuka nyuma kukutafuta. Niligeuka kabisa, nikatazama kwenye viti vya wageni nikuone uso wako, nikaona viti vitupu na mwenzangu mmoja amesimama mlangoni ameshika sandali yangu. Hapo ndipo ulipokufa kwangu, Mwalimu. Siku ile ya sufuria sikuelewa. Jana nilielewa.

Kwenye ngazi za nje kijana mmoja wa idara ya mipango alitukuta tunalia, akadhani tumekataliwa, akatuelezea ili atutulize. Akasema diwani wetu alilipigania kwenye kamati mpaka wenzake wakamshangaa. Walipomwuliza kwa nini amekazana hivyo, aliwaambia kuna deni la msibani hawezi kulala nalo, na kuna mtu hawezi tena kukaa naye msiba mmoja. Yule kijana hakuelewa. Sisi tulielewa. Tukacheka, tukalia, watu wanapita wanatuona vichaa.

Tulipopita buchani nikamwambia Kihwele. Aliweka kisu chini. Akanawa mikono, akachukua ule mkoba chini ya meza, akaufungua, akaifuta miwani yako kwa shati, akairudisha ndani. Nikamwambia basi, msiba umeisha, arudishe gauni. Akakataa. Akaniambia kupitishwa ni maneno ya ukumbini, yeye hajaona tofali. Gauni lako atalirudisha siku mtoto wa kwanza atakapolala usingizi ndani ya hicho chumba, hata kama atalisubiri akiwa mzee. Nilitaka kubishana, nikakuta nakubaliana naye. Kuandikwa tumeandikwa. Bado mkandarasi, bado kiwanja kisije kikageuzwa maegesho, bado mlezi asije akawekwa shangazi wa mtu.

Kaka Deo nimempigia. Nilimweleza yote. Akaniuliza kama kweli limesomwa asubuhi. Nikamwambia kweli. Akasema atazungumza na ndugu zake kuhusu Pasaka. Hakuahidi zaidi ya hapo, nami sikumbana.

Mwalimu, nina hasira na wewe. Ungevumilia kidogo tu. Ungeketi jana kwenye kile kiti cha nyuma, usikie jina la watoto linatajwa na mtu mwingine, kwa sauti ya kawaida, kama wanavyotaja mtaro. Ulilitaka hilo miaka yote, litajwe tu bila mtu kulia wala kuomba, na lilipotokea hukuwepo, na sisi uliotufundisha hatukuwepo. Hilo ndilo linalonikaa kooni. Sijui nitalimeza lini.

Wameanza kuamka. Wa muuza dagaa ndiye wa kwanza kama kawaida, anatafuta kiatu. Shadya ananichungulia, anataka kujua naandika kwa nani, nimemwambia kwa Mwalimu, akasema nikuambie ameshajua kufunga vifungo.

Lala vizuri, mama. Nakuaga sasa, maana siku ile ya gari la Songea sikuweza. Na nakuahidi hivi: kila kikao cha mtaa, cha kata, cha baraza, cha kamati yoyote watakayoniruhusu nisikilize, nitakuwepo. Sitakuja tena kwa ajili ya mengineyo. Nitaingia wakati wa sala ya kufungua, nitakaa kwenye kiti cha nyuma, nitasubiri kusikia asubuhi kama watoto wametajwa, na wasipotajwa nitajua kwamba msiba haujaisha.

Siku tukifungua mlango, Kihwele analeta gauni. Nitalifua mwenyewe, nitalianika kwenye kamba ya kituo, katikati ya nguo za watoto.

Wako,
Zuhura, mama yake Shadya